Mbegu Zinazosubiri Baridi na Zinazoikimbia

Ukipita mitaa ya Minnesota au Maine mwezi wa kwanza, huenda ukaona uani kwa mtu safu ya madumu ya plastiki ya maziwa, yamekatwa kiunoni na kufungwa tena kwa utepe wa gundi, theluji imeyafunika hadi shingoni. Si taka zinazongoja gari la manispaa. Ndani ya kila dumu mna udongo wa kina cha kiganja, na juu ya udongo mna mbegu. Hakuna taa, hakuna hita, wala hakuna anayemwagilia. Mwezi wa tatu au wa nne, theluji ikianza kuyeyuka, miche huchomoza humo yenyewe.

Aliyeieneza njia hii, mwanzoni mwa karne hii, ni Trudi Davidoff wa Long Island, New York, mpenda bustani ambaye nyumba yake haikuwa na nafasi ya kuweka meza na taa za kukuzia miche. Msingi wake ni wa kale. Mimea ya porini hudondosha mbegu majani yanapopukutika na kuziachia baridi, na wakulima wa Ulaya walikuwa na masanduku yao ya kitalu yenye vifuniko vya kioo zamani sana kabla ya plastiki. Mchango wa Davidoff ni kufuta gharama: sanduku likawa dumu la maziwa, kioo kikawa plastiki inayopitisha mwanga, na kazi ya mtunza kitalu ikaachiwa theluji, mvua na jua.

Urahisi huo umewavutia wengi, na umewapotosha pia. Mtu akisikia habari za madumu, swali lake la kwanza huwa la vifaa: dumu gani, utepe gani, udongo wa duka lipi. Vifaa ni kazi ya mchana mmoja. Kinachoamua kama mwezi wa tano utamkuta na miche ya kupandikiza au na udongo mtupu ni uteuzi wa mbegu. Hapo Mswahili aliyehamia nchi za baridi ana shida yake peke yake, kwa sababu mboga anazozitamani zaidi ndizo ambazo njia hii inazifaa kidogo kuliko zote.

Kwa nini mbegu iwekwe nje kwenye barafu? Mmea wa nchi yenye majira manne una hatari moja kubwa, nayo ni kuota wakati mbaya. Mbegu ikidondoka mwezi wa tisa inakuta udongo ungali na joto na unyevu. Ikishawishika ikaota, mche wake mchanga utakutana na theluji na kufa. Ndiyo maana mimea mingi ya huko huzaa mbegu zilizolala. Homoni iitwayo asidi absisiki huizuia mbegu isiote, na nyingine, jiberelini, huisukuma iote. Wiki kadhaa za baridi yenye unyevu huidhoofisha ile ya kwanza na kuipa nguvu ya pili, na mbegu ikishavuka kipindi hicho hubaki ikingoja joto tu.

Zingatia maneno mawili hapo: baridi na unyevu. Baridi inayofanya kazi vizuri zaidi ni ya nyuzi 1 hadi 5 hivi za Selsiasi, juu kidogo ya kuganda. Mbegu nayo lazima iwe imekwisha kunywa maji. Iliyo kavu ndani ya pakiti haihesabiwi siku hata ikae kwenye jokofu mwaka mzima. Kwa hiyo zile wiki za katikati ya Januari ambazo dumu zima limeganda hazifanyi kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Kazi inafanyika mwanzoni na mwishoni mwa majira, siku ambazo udongo unaganda usiku na kuyeyuka mchana. Kule kutanuka na kusinyaa pia husaidia kulegeza magamba magumu.

Subira ya mbegu ina ushahidi mzuri, tena kutoka ukanda huohuo wa baridi. Mwaka 1879 William James Beal, profesa wa botania wa chuo cha kilimo cha Michigan ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Michigan State, alizika chupa 20 zilizojaa mchanga uliochanganywa na mbegu za mimea 21, mbegu 50 za kila mmea. Chupa hizo zimekuwa zikifukuliwa moja moja, vizazi kwa vizazi vya watafiti. Iliyotolewa mwaka 2021, baada ya zaidi ya miaka 140 chini ya ardhi, bado ilitoa miche hai ya jamii ya Verbascum, gugu la kawaida la pembezoni mwa barabara.

Afrika Mashariki nayo ina mbegu zilizolala, ila zinangoja vitu vingine. Mbegu ya mgunga au ya mlusina ina gamba lisilopitisha maji, na wakuza miche huimwagia maji yaliyochemka kisha huiacha ipoe humo. Ya mtiki huloweshwa na kuanikwa kwa zamu. Upande wa pili kuna zisizoweza kungoja kabisa: mwarobaini hupoteza uhai ndani ya wiki chache, na mbegu za embe, fenesi na kakao hazivumilii kukaushwa wala kutiwa baridi kali. Aliyekulia Morogoro au Kisumu hana sababu ya kufikiri kwamba baridi inaweza kuwa dawa ya mbegu. Baridi kali anayoisikia ni jalidi ya Makete au Kinangop, ile inayounguza viazi usiku mmoja, na hiyo ni adui.

Kwa hiyo, kabla ya kukata hata dumu moja, mwaga pakiti zote mezani uzitenge mafungu matatu.

La kwanza ni la zinazohitaji baridi. Humu mna maua mengi ya kudumu ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya: ekinasia, delfinia, aina nyingi za popi, lavenda na maua ya mbugani. Mfano bora ni Asclepias, mmea wenye utomvu mweupe ambao majani yake ndiyo chakula pekee cha viwavi wa kipepeo monaki. Mbegu za Asclepias syriaca zikisiwa mwezi wa tano bila kupitia baridi, nyingi hazitaota. Zikipata mwezi mmoja au zaidi wa baridi na unyevu, zinaota vizuri. Watu wengi siku hizi hukata dumu lao la kwanza kwa ajili ya kipepeo huyo. Lakini tazama: fungu hili karibu lote ni maua. Njia ya madumu ilikulia mikononi mwa watu wa maua, na maelezo mengi unayoyakuta yameandikwa na mtu anayefikiria maua. Mwenye sufuria jikoni inampasa aendelee na mafungu yanayofuata.

Fungu la pili halihitaji baridi, lakini halidhuriki nayo. Hapa pana chakula. Sukuma wiki, kabichi, brokoli, haradali, letusi, kotimiri, vitunguu maji, vitunguu vya majani, na spinachi halisi (si ile yenye bua nene jeupe inayouzwa kwa jina hilo sokoni Dar es Salaam, ingawa hata hiyo inastahimili). Spinachi huanza kuota udongo ukiwa umepanda nyuzi chache tu juu ya kuganda. Letusi ina tabia ya kinyume inayowashangaza wengi: udongo ukipita nyuzi 27 au 30 hugoma kuota, kwa hiyo anayesubiri joto ndipo asie letusi anajinyima. Mbegu za fungu hili hukaa ndani ya dumu kimya hadi hali ya hewa izifae, zikaota siku ambayo mtu asingethubutu kwenda bustanini. Miche inayotoka humo ni mifupi, minene, yenye majani magumu, kwa kuwa imezaliwa kwenye upepo na jua la kweli. Ile kazi ya kuitoa nje kidogo kidogo kwa wiki nzima ili ikomae, ambayo mwenye taa za ndani hawezi kuiepuka, hapa karibu haipo.

Kwa sukuma wiki, kwa kweli, sijaona njia nyepesi kuliko hii. Ndugu yake wa karibu ni koladi, mboga inayoliwa sana kusini mwa Marekani, hasa na Wamarekani weusi, na mbegu zake ziko karibu kila duka la vifaa vya bustani. Tahadhari moja tu: kabichi na vitunguu vikikua hadi shina kufikia unene wa penseli kisha vikapigwa na wiki kadhaa za baridi, vinaweza kudhani vimemaliza mwaka mzima na kutoa maua badala ya kufunga. Dumu halikawii kujaa. Miche ya mboga hizo ihamishwe ingali midogo.

Fungu la tatu ndilo linaloumiza: bamia, kunde, maharage, maboga, nyanya chungu, biringanya, pilipili, mrenda, mgagani. Hizi ni mbegu za joto, na kuzitia kwenye dumu mwezi wa kwanza ni kuzitupa. Kunde na maharage zinafaa kuelezwa kidogo, maana kufa kwao kunafundisha. Mbegu kavu ya jamii ya mikunde ina utando wa seli uliosinyaa. Saa za mwanzo za kunywa maji ndizo za hatari: maji yakiwa ya uvuguvugu utando hujipanga upya haraka, yakiwa ya baridi kali hushindwa, na sukari na chumvi za ndani huvuja nje. Ukungu wa kwenye udongo unakuta karamu imeandaliwa. Mkulima akichimbua wiki tatu baadaye hukuta ute na gamba, akalaumu pakiti. Bamia nayo ikiwa kwenye udongo wa chini ya nyuzi 16 hivi hukaa tu hadi ioze. Inapenda karibu 30.

Mchicha, ambao Wakongomani na Warundi wengi huuita lengalenga, unasimama mpakani. Binamu zake ni magugu sugu ya mashamba ya mahindi ya Iowa, na mbegu za magugu hayo hulala udongoni msimu wote wa baridi zikaota joto likija. Mbegu ya mchicha ni ndogo, ngumu, na haikimbilii kuota udongo ukiwa baridi. Hata hivyo aina zilizochaguliwa kwa ajili ya mboga hazina ugumu wote wa magugu, na hakuna faida yoyote ya kuziweka nje Januari wakati zinaweza kuingia dumuni katikati ya mwezi wa nne. Nyanya ni hivyo hivyo. Wapo wanaojivunia nyanya zilizosiwa kwenye theluji, na ni kweli huota, kama zinavyoota zenyewe pale nyanya iliyooza ilipoangukia mwaka jana. Ila mmea unaoanza mwezi wa tano mahali ambapo jalidi inarudi mwezi wa tisa au wa kumi una muda mfupi wa kuzaa.

Dumu, kwa maana hiyo, lina kazi mbili, na maelezo mengi huzichanganya. Majira ya baridi ni mahali pa kuamshia mbegu zilizolala. Mwezi wa nne ni kibanda kidogo cha plastiki kinachouwahisha udongo wiki mbili au tatu mbele ya bustani. Kwa jiko la Kiswahili kazi ya pili ina thamani zaidi ya ya kwanza. Kwa hiyo unapokusanya madumu, weka nusu kando kwa duru hiyo.

Baada ya kutenga mafungu, angalia umri wa mbegu. Vitunguu hushuka haraka baada ya mwaka mmoja au miwili. Letusi na kabichi hudumu zaidi. Nyanya zikitunzwa vizuri huota hata baada ya miaka minne au mitano. James Harrington, mtaalamu wa mbegu wa California, aliacha kanuni mbili ambazo watunza mbegu bado wanazitumia: kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka takriban maradufu, na kila joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, huongezeka maradufu tena. Ndiyo maana mbegu zilizosahaulika kwenye kabati juu ya jiko hazifai kuaminiwa, hata kama tarehe ya pakiti ni nzuri. Jaribio la kuweka mbegu 10 ndani ya kitambaa kilicholoa na kuhesabu zinazoota ni zuri kwa fungu la pili na la tatu. Kwa fungu la kwanza linadanganya: mbegu nzima ya Asclepias itakaa kwenye kitambaa kama iliyokufa, kwa sababu haijapita baridi.

Sasa vifaa. Dumu la maziwa la Marekani ni la galoni moja, karibu lita 3.8, la plastiki yenye alama ya pembetatu na namba 2. Lilichaguliwa kwa sababu lipo kila nyumba, lakini pia lina maumbile yanayofaa: linapitisha mwanga uliotawanyika, lina kimo cha kutosha mche kusimama, na lina mdomo juu. Kizibo hutupwa. Mdomo ulio wazi ndio mlango wa mvua, na ndio bomba la kutolea joto jua likikaa sana. Chupa ya soda ya lita 2 inafaa pia, ila kwa kuwa ni angavu kabisa hupata joto haraka. Masanduku mafupi ya vyakula vya kununua hukauka kabla ya mwenyewe hajagundua. Udongo ukipungua chini ya sentimita 8 au 10, taabu huanza. Chombo kilichowahi kubeba sabuni kali au dawa ya wadudu kisitumike, hata kioshwe vipi.

Matundu ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Watu hutoboa manne kwa ncha ya kisu wakaridhika. Barafu inapoyeyuka mwezi wa tatu, dumu linapokea maji mengi kwa siku chache, na matundu membamba huzibwa na udongo. Toboa manane au zaidi, mapana kiasi cha kupitisha penseli, kwa msumari au bisibisi iliyopashwa moto, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya moshi. Kisha toboa mengine ubavuni, sentimita moja juu ya kitako. Dumu likikaa juu ya sakafu ya saruji, maji yaliyotoka chini huganda na kulibandika; matundu ya kitako yanakuwa yamezibwa na barafu wakati jua limekwisha kuyeyusha juu. Ya ubavuni huokoa mbegu siku hizo.

Udongo wa bustani usitumike, kwa sababu ndani ya chombo hushikamana, na huja na mbegu za magugu ambazo mwezi wa nne hutaweza kuzitofautisha na ulichosia. Mchanganyiko wa dukani wa kujazia vyungu, wenye piti au unga wa makumbi ya nazi pamoja na perlaiti, unatosha, na hauna haja ya kuwa ule wa bei kubwa ulioandikwa kuwa ni wa kuoteshea. Piti iliyokauka hukataa maji. Ukiijaza dumuni kavu ukitegemea theluji iloweshe, mbegu zitakaa juu ya vumbi. Ichanganye na maji ya uvuguvugu kwenye beseni hadi ukiikamua mkononi itoe matone machache. Ndani ya nyumba maji na joto lisilopita hewa huleta kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaokata miche shingoni usiku mmoja; nje, baridi na upepo unaopita mdomoni mwa dumu hupunguza sana balaa hilo.

Utepe wa gundi hushika plastiki kavu yenye joto la chumba, kwa hiyo funga kabla hujatoa nje. Dumu likikatwa liachwe limeungana upande wa mpini, lipate bawaba. Mbegu laini kama vumbi, mfano za popi, na pia za lavenda, hubanwa juu ya udongo bila kufukiwa, maana zinataka mwanga. Nyingine zifukiwe mara mbili ya unene wake. Ubahili wa mbegu una faida hapa: mbegu 200 za letusi ndani ya dumu moja hutoa zulia ambalo kulitenganisha ni kulikata mizizi.

Na alama. Wino wa kalamu nyingi zinazouzwa kuwa hazifutiki hufifia kwa jua la miezi mitatu, na mwezi wa nne mtu hubaki na madumu yenye majani mawili mawili yanayofanana. Penseli haififii, kwani risasi yake ni kaboni isiyoathiriwa na jua. Andika kwa penseli kwenye kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka kikopo cha mtindi, kizike ndani ya udongo, na jina lingine libandike chini ya kitako.

Kuhusu wakati, desturi ni kuanza baada ya siku fupi kuliko zote, tarehe 21 au 22 Desemba, ili wiki ya joto ya mwezi wa kumi na moja isiziamshe mbegu mapema. Hakuna ushindani wa kuwahi. Fungu la kwanza liingie Januari ili lipate baridi ya kutosha. La pili linaweza kungoja hadi Februari au Machi bila hasara.

Kinachowachanganya wengi ni ramani ya kanda za ustahimilivu wa mimea ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1960 na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 2023. Minnesota imo kati ya kanda ya 3 na ya 5. Namba hizo zinaeleza wastani wa usiku wa baridi kali kuliko wote katika mwaka, yaani kama mti uliopandwa uwanjani utauvuka Januari. Hazikuambii lini jalidi ya mwisho itapita. Miji miwili ya kanda moja inaweza kuachana kwa wiki kadhaa za kupandikiza. Anayesia kwa kufuata namba ya kanda peke yake ameshika kipimo cha jambo jingine; tarehe ya jalidi ya mwisho ya mtaa wake ndiyo inayomhusu.

Mahali pa kuweka madumu pafikiwe na mvua na theluji, kwa hiyo si chini ya paa. Pasiwe na kindi wengi, ambao huona udongo mpya kama ghala lao. Ukuta unaotazama kusini unavutia kwa jua lake, na huo ndio mtego: siku moja ya jua kali mwezi wa tatu inaweza kuchemsha dumu lililofungwa, au kuamsha mbegu wiki tatu kabla ya usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri. Miche ya sukuma wiki hustahimili jalidi nyepesi. Ya maua mengi ya mwaka mmoja haistahimili. Nguo kuukuu au blanketi juu ya madumu usiku wa hatari hutosha.

Yapo mashaka ya haki. Plastiki ya dumu hukauka kwa jua na kuvunjika vipande. Dumu la mwaka jana liende kwenye urejelezaji kabla halijapasukia bustanini. Piti huchimbwa kwenye vinamasi vilivyohifadhi kaboni kwa maelfu ya miaka, na anayejali hilo atapendelea makumbi. Zaidi ya hayo, kwa mbegu chache njia ya madumu haishindi jokofu. Mchanga uliolowa ndani ya mfuko, mbegu ndani yake, wiki nne au sita, au zaidi kwa aina nyingine, karibu na mboga: baridi ileile, bila theluji. Hiyo ndiyo njia ya msomaji wa Arusha au Nairobi aliyenunua lavenda asione hata mche mmoja, na ya mkulima wa Njombe anayetaka kuotesha mbegu za tufaha. Nyanda za juu za tropiki hazina Januari, friji inayo. Dumu linamfaa mwenye aina nyingi, nafasi nje, na majira ya baridi asiyoyalipia.

Limebaki suala la mbegu zinazobebwa mabegi yakitoka nyumbani. Marekani inataka mbegu za kupandwa ziwe na cheti cha afya ya mimea, ambacho nchini Kenya hutolewa na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, na nchini Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa kiasi kidogo upo mpango wa kibali unaosamehe cheti hicho kwa aina zisizo na masharti mengine: pakiti isizidi mbegu 50 au gramu 10 za aina moja, na pakiti 50 kwa mzigo. Kibali huombwa kabla ya safari, na mbegu hutajwa kwenye fomu ya forodha. Mara nyingi hakuna hata haja ya usumbufu huo. Kunde na bamia zilivuka bahari zamani pamoja na Waafrika waliochukuliwa utumwani, na leo mbegu zake ni za kawaida kusini mwa Marekani. Wakulima waliohamia wenyewe wameziba sehemu ya pengo lililobaki. Mradi wa Global Greens wa Des Moines, Iowa, kwa mfano, umewapa ardhi wakimbizi, wakiwemo Warundi na Wakongomani.

Kwa nyanya chungu na pilipili hakuna ujanja wa theluji. Zinahitaji wiki nane hivi ndani ya nyumba kabla ya jalidi ya mwisho, juu ya friji au karibu na hita ambapo udongo utafika nyuzi 25, na taa iliyo karibu na majani. Mwenye chumba kimoja cha kupanga na dirisha linalotazama kaskazini atafute mkulima sokoni anayeuza miche yake mwezi wa tano, na madumu yake ayaachie sukuma wiki, vitunguu na kotimiri.